Nafasi Tupu Kwenye Kabati la Oleta Deaton

Jumamosi hii, tarehe 28 Februari, duka likifungwa, Oleta Deaton atamkabidhi Bwana Garland Stallard funguo za kabati la mbele, baada ya miaka thelathini na moja ya kusimama nyuma ya kioo kile kile. Duka letu la bastola hapa Hargis Fork, Kentucky, limebadilisha paa, limebadilisha jiko la kupashia moto, limebadilisha hata mwenyewe, kutoka Stallard baba hadi Stallard mwana. Oleta hakubadilishwa.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Arlis Noble, wa kaunta ya pili na ukumbi wa shabaha. Mke wa Garland, ambaye ndiye huandika mambo ya namna hii kanisani, amefanyiwa upasuaji wa jicho. Hiyo ndiyo sababu waliyonipa. Sababu ya kweli ni kwamba hakuna mtu katika bonde hili aliyeiona dunia kama mimi. Nimelinda lango la kambi Ujerumani, nimekula kabichi la pilipili Korea, nimeugua tumbo katika nchi ambazo wengi wenu mngezitafuta kwenye ramani hadi chakula kipoe. Shule niliiacha darasa la kumi, au yenyewe iliniacha. Hatujaelewana hadi leo. Kwa hiyo mkiona koma imekaa mahali si pake, irukeni kama mnavyoruka tope, muendelee.

Kabla ya kuja kwetu Oleta alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na aliingia dukani na tabia zake za jikoni. Mteja kwake ni mtoto aliyeshika sahani: haulizwi anataka nini, anaulizwa alikula nini jana. Watu huja kununua bastola ya kubeba chini ya nguo, na karibu wote huja wameshaamua. Hapa kwetu tuna Wabaptisti na Wamethodisti, na tuna watu wa tisa na watu wa arobaini na tano. Makundi mawili ya kwanza huoana. Watu wa tisa hupenda risasi nyembamba, zinazoingia nyingi kwenye bastola na zisizopiga teke sana. Watu wa arobaini na tano hupenda risasi nene, nzito, chache, zenye teke la nyumbu. Pembeni kuna wazee wa thelathini na nane, wenye rivolva ndogo ya mfukoni, ambao hawabishani na mtu kwa sababu wanajua wamekwisha kushinda. Mimi ni mtu wa arobaini na tano. Oleta ni wa tisa. Tumefanya kazi bega kwa bega miaka kumi na sita, na hakuna siku hata moja tuliyokubaliana.

Maswali yake mnayajua. Shati unalichomeka au unaliacha nje? Kazini unakaa au unasimama? Nyumbani kuna watoto wadogo? Mkono wako ukiamka asubuhi, unauma? Kisha anakupeleka kwangu ukumbini upige vipimo vyote vitatu, na ukirudi anasoma uso wako, shabaha yako haitazami. Husema kipimo kizuri ni kile ambacho jioni bado unacho kiunoni, hukukiacha kwenye droo kwa sababu kimekuchosha.

Hobart Fugate, dereva wa lori la magogo, mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala, aliwahi kuingia akitaka arobaini na tano ya chuma kitupu.

"Bi Oleta, mimi vitu vya kitoto sitaki. Nipe ile itakayomwangusha dubu."

"Dubu huwa unakutana naye wapi, Hobart? Kanisani?"

"Huwezi kujua."

"Mkanda wako huo ulinunua lini?"

"Mkanda unahusu nini hapa?"

"Utajua Jumapili."

Jumapili tuliposimama kwa wimbo wa pili, mkanda wa Hobart ulichoka. Bastola ikashuka, na suruali ikaifuata kwa utiifu, mbele ya kwaya nzima. Jumatatu alikuwa mlangoni kabla hatujawasha taa.

"Usiseme neno," alimwambia Oleta.

"Sijasema."

"Unacheka na mabega."

"Mabega yangu yana baridi. Tisa hizi hapa."

Huyo ndiye Oleta. Tena hana makuu hata kidogo. Mwezi wa Desemba tulipoanza kupanga sherehe hii ya kumuaga, Garland alimuuliza anataka zawadi gani. Akasema chochote. Keki ya aina gani? Yoyote. Sherehe tuifanye siku gani? Siku yoyote. Na ukishastaafu utafanya nini, Oleta? Chochote kitakachokuja. Garland alifurahi, akaniambia hajapata kuona mstaafu rahisi namna hii, na mimi nikafurahi pamoja naye. Furaha yetu hiyo muiweke mahali, nitakuja kuichukua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nusu ya bonde hulinong'ona na nusu nyingine hujifanya hailijui.

Kabati la mbele lina rafu tatu. Kwenye rafu ya chini, pembe ya kushoto, pana nafasi ya upana wa kiganja ambayo haiwekwi kitu. Mahameli ya kijani iliyotandikwa pale imebonyea, alama ya rivolva ndogo, mtutu mfupi umeelekea ukutani. Rivolva yenyewe haipo. Siku yangu ya kwanza kazini Oleta alinionyesha mambo mawili, choo kilipo na pembe ile.

"Hapo pasiwekwe kitu," alisema. "Na mtu akikuuliza habari za hapo, usimjibu. Niite."

Mimi niliyelinda lango Ujerumani, nilijua nimekutana na imani za mama mtu mzima, nikanyamaza kwa adabu. Nilikuwa nafuta kioo kile kila asubuhi na kujiambia kwamba kila duka lina wazimu wake. Jambo moja tu lilinikera. Pembe ile kioo kilibaki na unyevu hata nikikifuta, hata siku kavu, na unyevu ule haukuwa upande wangu wa kioo.

Vuli ya mwaka ule wa kwanza ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa kizingitini kama mbwa anayengoja kufunguliwa. Aliingia mwanamke amevaa koti la madereva wa basi la shule. Hakutazama kulia wala kushoto, hakutazama bunduki ukutani. Alikwenda moja kwa moja hadi pembe ya kushoto, akainama.

"Naomba nione ile ndogo."

"Ipi, dada?"

"Hii hapa. Yenye mpini wa mti, uliomegeka."

Nikatazama. Mahameli. Nilidhani ni utani, na katika utani mimi ni fundi, nikajiandaa kucheka. Kisha nikayaona macho yake. Macho ya mtu anayetazama patupu huwa yanapita, yanatafuta pa kukaa. Yake hayakuwa yanatafuta. Yalikuwa yamefika. Na juu ya nafasi ile kioo kilikuwa kimeanza kufanya ukungu kutoka ndani, duara dogo, linakuja na kuondoka, kama pale mtu anapopumua karibu na dirisha.

Sikumbuki kama nilimwita Oleta. Nakumbuka tu kwamba alikuwa ameshafika, anafuta mikono kwenye aproni.

"Hiyo haiuzwi, binti yangu," alisema. "Lakini hebu nikuulize. Kati ya tisa na thelathini na nane, wewe ungebeba ipi?"

"Yoyote."

"Na ala yake? Utaivaa kiunoni au mkobani?"

"Ala haina haja."

"Arlis," Oleta aliniambia bila kugeuka, "geuza kibao."

Niligeuza kibao cha mlangoni kikasema tumefunga, na nikafukuziwa ukumbini nikasikilize feni. Niliporudi palikuwa na kahawa, palikuwa na kiti kimetolewa nyuma ya kaunta, na yule mwanamke alikuwa anasema kwa sauti ya mtu aliyekasirika kidogo kwamba thelathini na nane ina mpini mbaya, ni ya vibabu, na kwamba kama ni yeye angechukua tisa, bora kitu kinachoshikika. Oleta anabisha. Yule naye anabisha. Dada yake alikuwa tayari njiani kumchukua, kwa sababu Oleta alikuwa ameshampigia simu. Duka halikumuuzia kitu, wala siku hiyo hapakuwa na wa kuuziwa.

Walipoondoka nilimuuliza Oleta nimeona nini.

"Wewe hujaona kitu," alisema. "Mshukuru Mungu."

Ndipo akanieleza habari za Estill, na nimeruhusiwa kuzisimulia.

Estill Deaton alikuwa mdogo wake wa mwisho, mchimba makaa. Paa la mgodi lilishuka likamchukua mwenzake, likamwacha yeye bila mkwaruzo. Tangu siku ile akawa mpole. Mama yake alifurahi, maana Estill kabla ya hapo alikuwa mbishi kuliko mbuzi. Sasa alimwitikia kila mtu. Ukimwambia kuna mvua alikubali, ukimwambia kuna jua alikubali. Siku moja akaja dukani kwetu, enzi za Stallard baba, akasimama pembe ya kushoto. Muuzaji wa wakati huo, naye ameshatangulia, alimuuliza tisa au thelathini na nane. Yoyote. Mpini mweusi au wa mti? Wowote. Huu wa mti umemegeka kidogo, tukupunguzie? Si lazima. Na ala? Haina haja. Muuzaji alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba leo amepata mteja rahisi kuliko wote.

Wiki ile ile Oleta alimzika mdogo wake.

Ofisi ya sherifu ilimrudishia bastola ndani ya mfuko wa karatasi. Hakuiuza. Aliipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akasimama pale ikakatwa vipande kwa moto, akapanda navyo mlimani hadi kwenye shimo la mgodi uliojaa maji, akavitumbukiza. Alisema alisubiri asikie vikigonga chini na hakusikia. Kisha akashuka, akaja dukani, akaomba kazi. Hapa hapa. Kaunta hii hii.

"Mtu anayetaka kuishi hubishana," aliniambia. "Atakubishia kipimo, atakubishia rangi, atakubishia bei. Anabeba kitu ili kesho awepo, sasa kwa nini asibishe? Anayesema yoyote, huyo usimwache atoke."

Mahameli ya kabati imebadilishwa mara mbili tangu nilipoanza kazi. Mara ya pili niliitandika mwenyewe, mpya, imenyooka kama uso wa ziwa. Asubuhi yake alama ilikuwa pale pale, mtutu umeelekea ukutani.

Garland hatakasirika nikisema kwamba yeye hakuamini. Mwaka ule Oleta alipolazwa kwa ajili ya goti, Garland aliona hasara ya nafasi bure, akapanga pale seti ya visu vya kuwindia, vizuri, vya mpini wa pembe ya kulungu. Akaingia Burl Napier. Wengi mnamjua, atakuwa kwenye sherehe hii na ndiye aliyenisisitiza niliandike jina lake. Burl aliinama mbele ya visu vile.

"Naomba ile iliyo nyuma ya visu," alisema.

Garland alisema hakuna kitu nyuma ya visu.

"Ipo," Burl alisema, taratibu, kama mtu anayemsaidia mwenzake mwenye macho mabovu. "Mpini umemegeka upande huu. Naona hadi skrubu."

Garland Stallard ni mtu mzito, lakini nilimwona akiruka kaunta. Alimpigia Oleta simu hospitalini, na Oleta, akiwa kitandani, na mguu umetundikwa, alibishana na Burl kwenye simu hadi Burl akamwambia hajui lolote kuhusu bastola na arudi jikoni. Oleta alisema, "Haya, amerudi. Mpigieni mkewe." Jioni visu vilikuwa vimeondolewa. Burl huleta keki kila mwaka, na kila mwaka hulalamika kwamba sisi hatuli vya kutosha.

Wako wengine ambao sitawataja. Hawajuani. Wapo waliotoka mbali na hawakuwahi kukanyaga bonde hili kabla ya siku hiyo. Wote huenda pembe ile ile. Wote huona mpini ule ule. Oleta hakuwahi kumwambia yeyote kati yao ameona nini, na hakuna aliyewahi kuuliza ilikwenda wapi wakati, mwisho wa kahawa, walipotazama tena na kukuta kitambaa.

Nimeombwa nitaje mafanikio ya mstaafu. Hayo ndiyo.

Sasa narudi kuichukua ile furaha niliyowaachia.

Mwezi wa Januari, asubuhi ya baridi kali, ukungu ukiwa umeziba hadi gari langu lililokuwa hatua chache kutoka mlangoni, tulikuwa tunafanya usafi mimi na Oleta. Mimi nilikuwa nasimulia habari za Korea, ambazo yeye huzisikiliza kama watu wanavyosikiliza friji. Alikuwa amepiga magoti, anafuta kioo cha chini. Akaacha kufuta.

"Arlis," alisema, "nani ameirudisha hii?"

"Nini?"

"Ya Estill."

Alisema hivyo kama mtu anayeuliza nani ameirudisha ndoo. Nikatazama. Haki ya Mungu nilitazama kwa nguvu zangu zote. Mahameli, alama, basi. Lakini duara la ukungu lilikuwa kwenye kioo, kubwa kuliko nilivyowahi kuliona, linakuja na kuondoka, linakuja na kuondoka, na lilikuwa linapumua sawasawa na yeye.

"Ina vumbi," alisema. Akatoa ufunguo, akafungua kabati, akaingiza mkono. Vidole vyake vikajikunja kwenye hewa. Vikajikunja kwa umbo la mpini, na kidole gumba kikapapasa mahali fulani, taratibu, kama anatafuta palipomegeka.

Hapo ndipo maneno yote yalipoanza kuniingia kichwani kwa pamoja, moja nyuma ya jingine, kama watu wanaochelewa kanisani. Keki yoyote. Zawadi, chochote. Siku yoyote. Chochote kitakachokuja. Mwezi mzima mwanamke huyu alikuwa anatuambia, kwa lugha aliyotufundisha mwenyewe, na sisi tulikuwa tunafurahi kwamba tumepata mstaafu rahisi.

Nimewahi kuogopa katika nchi kadhaa. Hakuna woga niliowahi kuupata unaofika nusu ya ule.

Nikamshika mkono, nikautoa kabatini. Ulikuwa baridi kama chuma na ulinuka mafuta ya bastola, ingawa hiyo ni harufu yetu sote. Nikageuza kibao. Nikaweka kahawa motoni. Nikavuta kile kiti.

"Usinifanyie mimi kazi yangu, Arlis," alisema.

"Keti."

"Nina wateja."

"Keti, mama. Tisa au arobaini na tano?"

Alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Yoyote," alisema.

Sijui niliongea muda gani. Nilimwambia tisa ni kipimo cha watu wanaoogopa kelele. Nikamwambia tisa ni mbegu ya tikiti, unamtemea mtu, anajifuta, anaendelea na safari. Nikamwambia miaka yote hii amekuwa anawapotosha watu wazima wenye familia. Akaitikia kwa kichwa kunikubalia, na hapo karibu nipige kelele. Maneno yalianza kuniishia, mimi, Arlis Noble. Nyuma yake lile duara la kioo lilikuwa halijaacha. Basi nikasema kitu cha mwisho nilichobaki nacho.

"Na Hobart Fugate alikuwa sahihi."

Akageuza uso kutoka dirishani.

"Arobaini na tano ilikuwa kipimo chake. Wewe ulimharibia. Kosa lilikuwa la mkanda."

"Hobart hakuwa sahihi," alisema Oleta.

"Alikuwa sahihi kabisa."

"Hobart alimwonyesha mchungaji chupi yenye picha za bata, Arlis."

"Bata si hoja ya kipimo."

"Bata ndiyo hoja yenyewe. Mtu wa mkanda ule anabeba kilo nzima ya chuma kwa ajili gani? Kwa dubu? Yule angekutana na dubu angemwuzia magogo. Nilimpa tisa, na hadi leo anaibeba. Wewe yako iko wapi saa hii?"

Yangu ilikuwa kwenye droo. Ni nzito, mgongo wangu unauma.

"Nimekuuliza, iko wapi?"

"Kwenye droo."

"Kwenye droo," alisema. "Haya. Na kahawa yako mbaya."

"Kunywa."

Akanywa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba miaka yote watu walidhani amesimama pale kwa ajili yao. Ni kweli. Lakini alikuwa pia anasimama pale ili asiwe nyumbani, ambako Estill alikuwa na kiti chake. Sasa kila mtu anampongeza kwamba anakwenda kukaa nyumbani.

Akafungua mkoba. Akatoa tisa yake mwenyewe, akachomoa magazini ya risasi, akavuta mtambo nyuma, akatazama ndani mara mbili kama anavyowafundisha wote, akaiweka kwenye kaunta na kuisukuma kwangu.

"Kaa nayo," alisema. "Hadi nikuombe. Na nikikuomba, nibishie kwanza."

Iko kwenye sefu ya Garland. Wilda, dada yake Oleta, alikuja siku ile ile akamchukua, na anaishi naye sasa upande wa pili wa mto. Jumatano humwona daktari, kijana mmoja msomi wa mjini, na taarifa nilizonazo ni kwamba humbishia hadi daktari anahitaji maji. Kiti cha Estill amepewa Burl, ambaye amekilalamikia mguu mmoja.

Oleta amesoma kila neno la wasifu huu. Alifuta mizaha yangu miwili na kuongeza ule wa friji. Nilimwuliza kama kweli anataka mambo haya yasomwe na watu wenye sahani mikononi. Alisema kitu kikitajwa mbele ya watu hakipumui vizuri.

Kwa hiyo nawaambia, wote mtakaokuja Jumamosi. Mtazunguka dukani, mtainama kutazama vitu. Kama ukiinama pembe ya kushoto, rafu ya chini, ukakuta rivolva ndogo ya mpini wa mti uliomegeka, usione haya na usiende kwenye gari kwanza. Njoo kaunta ya pili. Sema tu, nimeiona. Kibao kinageuka, kahawa ipo, ni mbaya. Nafasi ile itabaki tupu maadamu duka lina jina la Stallard, na kila asubuhi kabla sijawasha taa mimi huinama nikatazama. Hadi leo nimeona mahameli. Naomba Mungu nisiwahi kuona kingine.

Jana nilimpigia simu kuhusu keki, maana mwokaji alikuwa anangoja jibu. Nilimwambia tumeamua keki ya nazi.

"Nazi sitaki," alisema. "Tangu lini mimi nimekula nazi? Nataka ile ya matufaha makavu, ya tabaka, kama ya mama. Tabaka sita, si nne. Na asiitengeneze mke wa Garland, huweka sukari kama anazika mtu."

Nilimshika mkono Garland pale pale kwenye kaunta, watu wazima wawili, na mteja mmoja akatuuliza kama tumeshinda bahati nasibu.

Oleta, sisi wa dukani tunakushukuru. Wapo watu wanaoamka asubuhi katika milima hii, wanawagombeza watoto wao, wanakosoa mahubiri, wanabishana kuhusu tisa na arobaini na tano, na hawajui kwamba wewe ndiye uliyewarudishia ubishi wao. Jumanne, utakapokuja kututembelea, kiti chako kitakuwa nyuma ya kaunta, na nimeandaa hoja mpya kuhusu Hobart.

Hatukutakii mapumziko. Tunakutakia maisha. Kama yatakuwa mema au la, tutabishana.

Arlis Noble, kaunta ya pili